Debe Langu na Chupa ya Mskoti

Mwezi wa kumi, Newala yote imekauka, mume wangu Cecil alikuja kuniomba maji ya kupozea pombe.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka bondeni. Niliondoka jogoo wa kwanza, nikarudi jua limepanda, debe kichwani, shingo imeingia mabegani. Ndani, binti yangu Priska alikuwa na mtoto wa siku tatu, mjukuu wangu wa kwanza, na wote wawili hawajaoga tangu jana.

"Mama Priska," Cecil akasema, bila kunitazama, "niazime hilo debe kidogo."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

"Lote. Lakini nalirudisha sasa hivi."

Cecil alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni ya serikali. Siku hizo alikuwa na mgeni Mskoti, aliyeletwa kupima mahali pa kuchimba visima. Mgeni huyo alikuwa na chupa ya wiski ya kwao, akaagiza izamishwe kwenye maji mpaka ipoe. Tangi la nyumba ile lilikuwa tupu tangu Agosti. Cecil, kwa aibu, alimwambia maji yamo tele.

"Mpima maji hajui kwamba tangi halina maji?"

"Anapima ya chini ya ardhi," akajibu, akabeba debe langu akaenda.

Nikangoja. Kivuli cha nyumba kikahama, mtoto akaanza kulia. Nikamfuata.

Kwenye baraza ya nyumba ya wageni nikaikuta chupa imezama hadi shingoni kwenye maji yangu. Cecil amesimama na glasi mkononi kama mtu anayesomewa hukumu. Huku kwetu anayeleta kinywaji hukionja kwanza, mgeni aone hakina neno. Mskoti alikuwa amejifunza hayo kwa wanywaji wa uraka, pombe yetu ya mabibo, naye akashikilia.

"Onja wewe kwanza, mpishi. Ni desturi."

Cecil alikuwa mtoto wa misheni ya Masasi, ameapa mbele ya padre kutogusa pombe. Akanigeukia mimi.

"Lete," nikasema. "Maji ni yangu, nitaonja mimi."

Ulimi ulipoa kwanza, nikadhani si kitu. Kisha ukaja moshi, kama samaki mkavu aliyekaa juu ya meko, na baada yake moto kifuani. Nilikohoa mpaka machozi.

"Ikoje, mama?" Mgeni alikuwa na furaha. "Shayiri tupu, haikuchanganywa na nyingine. Baba yangu angenifukuza nyumbani kwa kuipoza."

"Baba yako ana akili. Ubaridi huo nimeubeba mimi kichwani kutoka bondeni, na maji hayo ni ya kumwogeshea mzazi na kichanga chake. Tangini hamna hata tone."

Mgeni akamtazama Cecil. Cecil akatazama miguu yake. Nilikuwa tayari kupandisha sauti, lakini mtu yule aliweka glasi chini, hajaonja, akaitoa chupa taratibu, akaifuta kwa kiganja, akakikung'utia kiganja ndani ya debe. Hakumgombeza mume wangu mbele yangu. Hilo niliona. Kisha akalibeba debe mwenyewe mpaka mlangoni kwangu. Alijikwaa mara moja, akamwaga kidogo. Niliuma meno, nikamfungulia mlango.

Nikabandika maji nusu, nusu nikaacha ya kupunguzia moto. Priska akaoga, ukafika wakati wa mtoto. Nilimimina maji ya mwisho kutoka debeni, nikamwogesha, nikamgeuza.

"Mama!" Priska akapiga kelele. "Ana nini mgongoni?"

Ilikuwa karatasi ya chupa, yenye picha ya mnyama mwenye pembe ndefu. Ilibanduka majini ikamganda mjukuu wangu katikati ya mgongo.

Nikaibandua. Cecil alikuwa amejibanza nje, anasikiliza.

"Baba Priska, ingia. Mpelekee mgeni wako karatasi yake. Halafu chukua debe, kesho bondeni unakwenda wewe."

Akaichukua kwa vidole viwili. Mtoto alikuwa ameshalala, safi.