Mlango Uko Upande Ule

Asubuhi, kwenye kiwanja nyuma ya gereji ya matairi, Dada Brashi alimlaza mwanawe kwenye beseni la kubebea udongo, akamfunika shuka, akaanza kazi. Kampuni ilitaka kujenga maghorofa hapo, na sheria inataka kwanza mtu achimbe kidogo aangalie kama chini kuna mambo ya kale. Mtu huyo alikuwa yeye. Walimwita Dada Brashi kwa sababu hata makombo ya mkate mezani aliyafuta kwa brashi ndogo, pole pole, kama yanaweza kuumia.

Msaidizi wake wa kuchekecha udongo alikuwa mwanamume mnene aliyeitwa Kepteni, ingawa hajawahi kuongoza kitu chochote. Walifunga kamba kwenye vigingi, wakapata mraba, wakachimba tabaka moja moja. Kwenye tabaka la tatu wakakuta mafiga matatu na mkaa katikati. Dada Brashi aliugusa, akaungua kidole.

"Bado una moto," alisema, akakipuliza.

Kepteni akasema afadhali, maana chai yake imepoa, akateleka birika.

Chai ilipoanza kuchemka, bibi mmoja akatoka kwenye ukuta wa shimo na kuni kwapani. Alikuwa mfupi, na nywele zake zilikuwa na vumbi la rangi ile ile ya tabaka la tatu. Wakamwamkia, akaitikia marahaba. Alikuwa na lalamiko moja tu.

"Wanangu, mmeingilia darini. Mlango uko upande ule."

Wakaona aibu. Kazi yao ina tabia hiyo, kuingia nyumba za watu kwa juu. Wakahamisha ngazi, na kuanzia hapo kila asubuhi walivua viatu upande ule, wakapiga hodi, wakasubiri kukaribishwa ndipo washuke.

Dada Brashi hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Mama yake mzazi alifariki yeye Dada Brashi akiwa bado mjamzito, na usiku mtoto alilia mpaka majirani wakagonga ukuta. Lakini bibi alipompakata karibu na mafiga, alilala fofofo. Bibi akamtazama na mama mtu, mwenye macho mekundu na mwiko wa kuchimbia mkononi.

"Na wewe lala. Udongo hauna pa kwenda."

Akalala pale pale, kichwa kwenye mapaja ya bibi. Kepteni akawa anachekecha kidogo kidogo ili asiwaamshe.

Tatizo likawa umri. Ili kiwanja kisijengwe, maabara ilitakiwa iseme kwamba nyumba ya bibi ni ya kale, na maabara inapima mkaa. Mkaa wa kwanza ulitoboa mfuko. Wa pili ulitiwa kwenye kopo, ukaunguza meza ya maabara. Mtu wa maabara akapiga simu, akasema bila ukali kwamba mkaa unaowaka hauna umri, wauzime kwanza ndipo waulete.

Dada Brashi akachota ndoo ya maji, akapiga hodi, akashuka nayo. Akamweleza bibi kwamba moto ukizimwa, nyumba italindwa, hakuna atakayeigusa tena.

"Kuuzima ni rahisi," bibi akasema. Mtoto alikuwa amelala begani kwake, mdomo wazi. "Ila ukizimika na mimi naondoka. Huyu utamlaza wapi?"

Dada Brashi alisimama na ile ndoo mpaka mkono ukamchoka. Halafu maji yale akayafulia nepi.

Mkuu wake alikuja na viatu safi, akasimama upande usio na mlango. Hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza yote, akainama, akamwamkia bibi. Kisha akaeleza kwamba sheria inalinda vitu vya kale, na haya mafiga yanatumika, kwa hiyo ni makazi tu. Na habari ya makazi ilishakwisha, wakazi wote waliitwa mkutanoni na hakuna aliyepinga.

"Siku ya mkutano nilikuwa nimeshakufa," bibi akasema.

"Pole sana, bibi," mkuu akasema, na kweli alimaanisha. Zege likapangwa kumwagwa wiki ya pili yake.

Dada Brashi akamwomba bibi ahamie kwake. Bibi akacheka mpaka vumbi likamdondoka.

"Kwako ghorofa ya nne, mwanangu. Mafiga nitayachomeka hewani?"

Maghorofa yamekwisha, na watu wamehamia. Vyumba vya chini vina sakafu ya vuguvugu. Wapangaji wanaanikia soksi hapo siku za baridi, na watoto wao hawasumbui usiku. Kampuni imeweka bango kubwa linalosema joto hilo ni ubunifu wa mafundi wake.

Pale mlangoni kwa bibi pamekuwa maegesho ya magari. Jumamosi Dada Brashi anakuja na mwanawe, ambaye sasa anatembea. Wanavua viatu, wanachuchumaa karibu na gurudumu, wanapiga hodi.

"Karibuni, wanangu," bibi anajibu kutoka chini ya gari. "Leo tena mtu amelaza gari mlangoni. La nani?"

Dada Brashi anasema halijui. Anakaa ukingoni mwa lami, na mtoto anajilaza kifudifudi kwenye lile joto, shavu chini. Wanasubiri mwenye gari arudi.