Kikombe cha Abu Mutlaq

Kikombe cha kahawa kilikuwa mkononi mwa Abu Mutlaq, wanaume kumi na wawili wakimkodolea macho, naye kwa mara ya kwanza maishani hakujua akiweke wapi.

Wallahi, alijitakia mwenyewe. Asubuhi ile Abu Hatim, jirani yake kwa miaka thelathini, alimgongea mlango kule Amman, amevaa joho, ananukia udi.

"Twende Salt, mzee. Tunatembea tu, tunakula, jioni tumerudi."

Tunatembea tu! Na magari matatu nje yamejaa wazee? Na Hatim mwenyewe, kijana wa likizo ya wiki mbili kutoka Kuwait, kanzu yake bado ina mikunjo ya dukani? Abu Mutlaq alijua kuwa ni posa, na kichwa kikamvimba. Wangemchukua nani mwingine? Alikwisha kuongoza posa arobaini na moja, na hakuna hata moja ambayo alirudi mikono mitupu. Kazi yenyewe ni ndogo. Unapewa kahawa, unaiweka chini, unasema hatunywi mpaka mtupe tulichokuja kutaka. Baba wa binti akijibu, "Nyweni kahawa yenu," mambo yamekwisha. Anayekunywa kabla ya kutamka neno, huyo hana haja nyingine na nyumba ile.

Salt ndiko alikozaliwa na kufundisha hesabu, akienda na kurudi kila siku kutoka Amman, mpaka alipostaafu. Nyumba za mawe ya manjano zilikuwa zimepandana mlimani vilevile, na uwanjani wazee walikuwa wameinamia bao vilevile. Mmoja aliliona gari likipita polepole akapaza sauti: "Mwalimu! Leo umekuja kumchukua nani?" Abu Mutlaq, amejaa tele kwenye kiti cha mbele, alicheka mpaka tumbo likatikisika.

Kicheko kilimkauka nyumbani kwa Abu Awad, baba wa binti. Alikuwa akinawa mikono ukumbini aliposikia sauti nyuma ya mlango wa jikoni.

"Mwalimu, ni mimi, Rahaf. Usigeuke, watakuona."

"Rahaf? Wewe uliyekuwa ukilia nikikupa hesabu za kugawanya?"

"Ndiye mimi. Nimepata nafasi ya kusomea ukarabati wa majumba haya yetu ya zamani. Naanza mwezi ujao. Hatim anataka kunipeleka Kuwait. Baba amewakatalia mara mbili."

"Basi atawakatalia na ya tatu."

"Kwako hawezi. Alisema mwenyewe: akija Abu Mutlaq, aliyenipatanisha na ndugu zangu, mimi sina mdomo. Maneno yakawafikia. Ndiyo maana wamekuleta, ami. Hawakukuleta kwa matembezi."

Alikausha mikono yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Posa arobaini na moja, na hakuwahi hata siku moja kuuliza nani alikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Aliona haya, haya ya kweli, uzee wake wote ukamtoka jasho.

Na sasa alikuwa amebanwa kati ya ukuta na bega la Abu Hatim. Bega hilihili ndilo lililobeba jeneza la mkewe miaka miwili iliyopita, likakataa kupokewa mpaka makaburini. Mbele yake Abu Awad alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Abu Mutlaq akiomba, binti amekwenda. Asipoomba, amemvunjia Abu Hatim heshima mbele ya ukoo wake. Kahawa ilianza kupoa.

"Weka chini, mzee," Abu Hatim alimnong'oneza. "Sema."

Abu Mutlaq aliogopa. Lakini akakiinua kikombe. Akainywa kahawa yote kwa funda moja, akakitikisa kikombe kuonyesha kwamba imetosha, akamrudishia mmiminaji.



"Kahawa yako nzuri, Abu Awad," alisema. "Tulikuwa tunatembea, tukasema tukusalimie."

Abu Awad alimtazama. Mabega yake yalishuka taratibu, machozi yakamlengalenga. "Nyumba ni yenu," alisema. "Leteni chakula, wageni wana njaa."

Nyama na wali vililiwa kama dawa. Wakati wa kuondoka, Hatim alikuwa amekwisha kukaa kiti cha mbele, kwa hiyo Abu Mutlaq alijipenyeza nyuma, katikati ya watu wawili waliogeuzia nyuso zao nje.

"Miaka thelathini," alisema Abu Hatim akiwasha gari.

Walipofika uwanjani, yule mzee wa bao aliinua kichwa. "Mwalimu! Umemchukua nani?"

Abu Mutlaq akanyoosha mkono juu ya magoti ya mtu wa dirishani, akashusha kioo. "Hakuna!" alijibu.

Abu Hatim, bila kugeuka, alibonyeza kitufe cha mlangoni kwake, na kioo kikapanda.