Watoto Wasiomlilia Mgeni

Kufikia Alhamisi ile nilikuwa nimekwisha kuvidharau vituo vinne vya kulelea watoto, na sikuona kwamba nimekionea hata kimoja. Cha kwanza kilikuwa na jina refu kuliko ua wake. Cha pili kilitupokea kwa muziki, na mwenyewe akanieleza kwamba watoto wa miezi sita pale hujifunza uongozi. Nilipomwuliza wanamwongoza nani, alicheka peke yake. Cha tatu kilinuka nepi, na mlezi wake, mwanamke mnene mwenye taulo begani, aliniamuru nikae chini kabla hata hajanisalimu. Nilimgusa shavu mtoto mmoja aliyekuwa karibu. Mtoto akaangua kilio kana kwamba nimemchoma sindano, akatambaa mbio hadi miguuni kwa mlezi na kujificha huko.

"Ulitarajia nini?" mlezi akaniuliza. "Hakujui."

Tulipokuwa garini nilimpachika jina la Sajini, na binti yangu akacheka hadi akapitiliza njia. Cha nne kilikuwa juu ya karakana ya kuchomelea vyuma, na hilo lajitosheleza.

Mjukuu wangu alikuwa na miezi kumi. Tulimwita Kidole kwa sababu tangu ajue kukunja vidole vinne na kuacha kimoja, hakuna kitu nyumbani ambacho hakukishtaki. Binti yangu ni mpima ardhi, na tangu arudi kazini mimi ndiye niliyekaa na Kidole mchana kutwa. Lakini goti langu la kulia lilikuwa limekwisha. Daktari alikuwa amenipangia upasuaji Jumanne, na baada ya hapo wiki nane za magongo, na mtu wa magongo hawezi kumnyanyua mtoto wa kilo tisa. Ilibidi apatikane wa kumshika kabla ya siku hiyo. Mimi nilishikilia kwamba sitabaki nyumbani wakati watu wengine wanachagua. Nilifanya kazi ya uuguzi katika wodi ya watoto miaka thelathini na mmoja, kumi ya mwisho nikiwa mkuu wa wodi, na niliwaambia wazi kwamba mimi hanidanganyi mtu kwa kuchora kipepeo ukutani.

Kituo cha tano alikipata mkwe wangu. Mkwe wangu anauza bima. Ni kijana mwema, mwenye kuamini lolote lililochapishwa kwenye karatasi nzito.

"Mama, leo nakuomba kitu kimoja tu," binti yangu aliniambia tulipokuwa tunashuka garini. "Usibeue mdomo mpaka tumalize."

"Mdomo wangu ndivyo ulivyo."

"Haukuwa hivyo kabla hujastaafu," akasema, nami nikaahidi.

"Mchagua nazi hupata koroma, mama," mkwe wangu akaongeza kwa adabu, huku amenishika mkono nisiteleze ngazini.

"Nazi ukikosea unaitupa, baba," nikamjibu. "Huyu utamtupa wapi?"

Mlangoni tulivishwa mifuko ya plastiki juu ya viatu, kila hatua ikawa inachakarisha kama karatasi. Mwenye kituo alijitambulisha kwa cheo, akasema yeye ni Mkurugenzi. Alikuwa na kucha nzuri sana, na nilijiuliza zilimbadilisha nepi nani mara ya mwisho. Alitupitisha ukumbini akieleza kwamba pale hawalei, bali wanawekeza katika ubongo. Nimevishika vichwa vya watoto elfu kadhaa na sikuwahi kuona tundu la kuwekezea, lakini nilikumbuka ahadi yangu, nikautazama ukuta. Ukutani palikuwa na kipepeo.

"Kila chumba kina kamera," Mkurugenzi alisema. "Baba anaweza kumwona mtoto kwenye simu yake popote alipo."

"Popote?" mkwe wangu akauliza, kama mtu aliyeahidiwa mabawa.

"Popote."

"Na mtoto naye anamwona baba?" niliuliza.

Binti yangu alikohoa.

Chumba cha watoto wachanga kilikuwa kipana na kimetandikwa zulia la sponji. Walikuwamo watoto tisa au kumi wa umri wa Kidole, na wasichana wawili waliovaa aproni za zambarau ambao Mkurugenzi aliwaita walimu. Hapakuwa na harufu yoyote. Nilipitisha kidole kwenye kizingiti cha dirisha, kwa desturi ya miaka thelathini na mmoja, kikatoka safi, nami nikakasirika kidogo, kama anavyokasirika mtu aliyekuja na ufagio akakuta kumefagiliwa. Nikajishusha taratibu kwenye benchi fupi.

Sikuwa nimemaliza kukaa walipokuja. Mmoja mwenye meno mawili alijivuta hadi kwenye goti langu bovu, akasimama kwa kunishika sketi na kunyoosha mikono nimpakate. Wawili walimwendea binti yangu. Mwingine aliushika mguu wa suruali ya mkwe wangu, akainua uso na kumchekea. Hakuna aliyelia, wala aliyegeuka kutazama nyuma.

"Mnaona?" alisema Mkurugenzi. "Watoto wetu hawamwogopi mgeni. Wanajiamini. Wazazi wote hushangazwa na jambo hili."

Mkwe wangu alikuwa na uso wa mtu aliyesomewa jina lake kwenye orodha ya waliofaulu. Binti yangu alikuwa amempakata mmoja kwa kila mkono na macho yamemlowa. Kidole alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kitambaa, amelala.

"Mama, tazama anavyokukumbatia huyo," alinong'ona.

Mwenye meno mawili alikuwa ameniegemezea kichwa kifuani, akatulia. Nilitafuta neno la kubeza, sikulipata, na badala yake nikasikia baridi.

Katika wodi yangu palikuwa na chumba kirefu mwishoni mwa ujia, cha watoto waliopona na kukosa wa kuwachukua. Walikaa humo miezi, wengine mwaka. Sisi wauguzi tulipishana zamu tatu kwa siku, na kila mwezi tulihamishwa chumba. Watoto wale walikuwa maarufu. Alikuja mgeni, alikuja mfagiaji, alikuja mtu wa kusoma mita ya maji, wote walinyooshewa mikono. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilijivuna kwa ajili yao. Niliwaambia wageni kwamba watoto wangu hawana shida na mtu. Daktari mmoja mwanamke, mzee mwenye sauti ya kukwaruza, alinisikia siku moja akanivuta pembeni. Alisema mtoto wa miezi kumi asiyemlilia mgeni hakumpenda mgeni huyo; amekata tamaa ya kumpata mtu wake, basi anachukua yeyote apitaye. Nilimdharau. Nilisema ni uchungu wa uzee. Ilinichukua miaka sita kuona kwamba alisema kweli, na wakati huo wengi wao walikuwa wamekwisha kupelekwa sikujua wapi.

"Tuondoke," nilimwambia binti yangu.

"Kuna nini?"

"Watoto hawa hawana mtu."

"Mama." Aliufumba mdomo, akaufumbua. "Uliniahidi."

"Sibezi. Nakwambia."

Mkwe wangu alisogea karibu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mama, cha pili kosa lake lilikuwa muziki. Cha tatu nepi, cha nne vyuma. Hiki kosa lake ni kwamba watoto wanakupenda?"

Wiki nzima nilikuwa nimesonya mbele ya mapazia, majina na vipepeo, na anayesonya hata kwa manyunyu, nani atageuza shingo akisonya kwa moto? Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuweka fomu na kalamu mezani. Imebaki nafasi moja, alisema, na saa nne inakuja familia nyingine. Binti yangu aliwashusha wale watoto wawili taratibu, akaishika kalamu.

Nilimgeukia msichana wa aproni aliyekuwa karibu nami, kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu nistaafu, ile ya kumwuliza mgonjwa panapouma.

"Huyu niliyempakata anaitwa nani, mwanangu?"

Msichana aliinama, akaigeuza shingo ya fulana ya mtoto, akasoma kitambulisho kilichoshonewa ndani. Akanitajia jina.

"Umekuwa naye muda gani?"

"Tangu Jumatatu, bibi."

"Na mwenzako?"

"Yeye kaja jana. Alikuwa chumba cha wakubwa."

"Na kabla yenu?"

Msichana alimtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi hakubabaika hata kidogo. Nadhani hakuona kwamba palikuwa na la kuficha. "Walimu tunawazungusha kila wiki mbili," alisema. "Ni utaratibu wetu, na wazazi wanaupenda. Zamani mtoto alikuwa akimzoea mwalimu mmoja, jioni mama akija kumchukua analia hataki kuondoka. Mama anaumia. Hapa hilo halipo. Hapa hakuna wa kukunyang'anya mtoto wako."

Alimwambia binti yangu maneno hayo kama anayempa zawadi. Nami nilielewa kwamba kituo kile chote, zulia lake na kamera zake, kilikuwa kimejengwa ili wivu wa mtu mzima ulale vizuri.

"Mchukue huyu kidogo," nilimwambia binti yangu, nikamnyanyulia mwenye meno mawili. Mtoto akaenda kwake na kicheko. "Mpe mumeo." Akaenda kwa mkwe wangu na kicheko kile kile. Mlangoni palikuwa na fundi aliyekuja kutengeneza feni, yuko kwenye ngazi ya pili, mafuta meusi mpaka viwikoni. Mtoto alimwona. Akanyoosha mikono yote miwili, akajipinda kutoka kwa mkwe wangu kama anayetaka kuruka.

Fundi alishuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akampokea kwa woga. Mtoto akamwegemezea kichwa begani.

"Ananijua?" fundi aliuliza.

Binti yangu alimtazama mtoto yule kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama jiwe la mpaka lililohamishwa. Kisha akaupeleka mkono nyuma, akagusa mguu wa Kidole uliokuwa ukining'inia kwenye kitambaa, na kuurudisha ule mkono mwingine, uliokuwa na kalamu, mezani. Kalamu ikabaki hapo.

"Tunashukuru kwa muda wenu," alisema.

Tulikuwa garini, tumefika njia panda ya pili.

"Kimebaki kipi?" binti yangu aliuliza, ingawa wote watatu tulijua.

"Jina alilitunga mama," alisema mkwe wangu akiwa ametazama mbele, "kwa hiyo mama ndiye atakayeongea."

Kula matapishi yako ni kazi ya kufanywa upesi au isifanywe kabisa. Sajini tulimkuta amekaa sakafuni, watoto watano wamemzunguka, mmoja yuko nyuma yake ameshika taulo. Harufu ilikuwa pale pale. Mtoto wa juzi aliponiona aliukunja uso, nikabaki mlangoni.

"Bibi wa kushika mashavu," Sajini alisema.

"Shikamoo," nilisema, ingawa nilimzidi miaka si chini ya kumi. Nilitaka asikie ninavyoshuka.

Hakuitikia. "Ulipotoka hapa ulifunika pua."

"Nilifunika."

"Leo hainuki?"

"Inanuka. Naomba nafasi ya mjukuu wangu. Umekuwa na hawa muda gani?"

"Huyu wa nyuma tangu ana miezi minne. Wengine mwaka." Alimtazama Kidole, ambaye sasa alikuwa ameamka na ameuzika uso katika shingo ya mama yake. Alimtazama kwa kupendezwa, kama mpishi anayepelekewa samaki aliye hai. "Nafasi ipo. Lakini mimi sipokei mtoto akaachwa mlangoni kama kifurushi. Mtu wake akae hapa siku tatu mfululizo, asubuhi hadi mchana. Akitoka hata kwenda kupokea simu, tunaanza moja."

Binti yangu alikuwa na viwanja vya kupima mbali, na mkwe wangu ana wateja wasiongoja. Walitazamana.

"Ijumaa, Jumamosi, Jumatatu," nilisema. "Nitakaa mimi. Jumanne nakatwa goti."

"Utakaa sakafuni," alisema Sajini.

"Nitakaa."

"Na usimchezeshe, wala usimchombeze, wala usinifundishe, na akianza kunisogelea usimtazame. Nimeambiwa ulikuwa muuguzi. Hapa uwe samani."

Ijumaa yote Kidole alilia kwenye sketi yangu. Sajini hakujaribu kumchukua hata mara moja, wala hakumwita kwa midomo kama wafanyavyo wajinga. Alikaa amempa mgongo, akakunja nepi za kitambaa, moja baada ya nyingine, na kila aliponyanyuka kumhudumia mtoto mwingine alirudi kukaa shubiri moja karibu zaidi. Wodini nilisimamia wauguzi mia mbili, na sikumbuki hata watatu waliojua kufanya hivyo. Mguu wangu uliwaka moto, nami nilikuwa samani.

Jumamosi, karibu na saa sita, rundo la nepi lilikuwa limefika mahali ambapo mkono wa Kidole ungeweza kulifikia. Kilio chake kilikuwa kimepungua na kuwa kwikwi. Alivuta nepi ya juu, ikakunjuka yote. Sajini, bila kugeuka, aliichukua, akaikunja tena, akairudisha. Kidole akaivuta tena. Ikakunjwa tena. Mara ya tano aliiachia sketi yangu ili aishike kwa mikono miwili.

Nilitazama dirishani, kwa sababu nilikuwa nimeamriwa nisitazame.