Mizani ya Nesi Namsifu

Usiku wa kuamkia leo nimeota niko wodi ya wazazi, katika hospitali ya wilaya ninakofanya uhasibu. Mizani ya kupimia vichanga imekalia kiti changu cha ofisini, imenuna.

“Mbonea, jana umeniandika chakavu,” inasema. “Thamani sifuri. Kesho mnada.”

Kweli niliiandika. Kanuni ni kanuni: kifaa kikimaliza miaka yake, kinafutwa kwenye daftari. Kabla sijaomba radhi, anaingia mkaguzi, stendi ya dripu iliyofunga tai, na anaanza kufuta kwelikweli, kwa ufutio wa shule. Anafuta pazia. Anafuta kitanda. Anamfikia marehemu mama yangu, Nesi Namsifu, mkunga wa wodi hii, aliyesimama nyuma ya mizani akinukia spiriti na sabuni ya kipande.

“Huyo si kifaa!” napiga kelele.

“Kifaa hufutwa pamoja na kilichoshikamana nacho.” Miguu ya mama haipo tena.

“Ya kale dhahabu, baba,” mama anamwambia, wala hana wasiwasi.

“Dhahabu ina fomu yake.”

Lo, nilivyomkumbuka mama yangu! Nikitoka shule nilikuwa nakaa chini ya meza ya mizani hii hii, nakunywa uji wa wazazi, huku juu nasikia sinia ya mizani ikilia na mama akimbembeleza mtoto wa watu. Sijawahi kupata tena mahali pazuri kama pale.

“Kinachotumika hakifutwi!” nasema. “Kanuni yenu hiyo!”

Stendi inasita. “Kinatumiwa na nani?”

Vichanga hakuna, hata wa dawa. Basi navua viatu, naingia kwenye sinia na kitambi changu chote. Naenea. Mshale unasimama kwenye kilo mbili na robo.

“Ndio uzito niliokuzaa nao,” mama anasema. “Tulia basi, usije ukaanguka.”

Miguu yake imerudi.

“Iongezewe miaka,” stendi inasema kwa unyonge. “Iandikwe namba mpya.”

Mama anachovya brashi kwenye rangi nyeupe. Anaandika namba kwenye mizani, kisha kwenye kisigino changu. Inatekenya. Nacheka.

Nimeamka nalia, mtu mzima mimi. Shuka ina doa jeupe miguuni. Nimegeuza kisigino: rangi bado mbichi.

Nimepiga simu ofisini, mizani isitoke. Kisha nimeoga, mguu mmoja nje ya beseni.