Wageni Wasiobisha Hodi

Mkunga alirudi nyumbani kutoka kazini alasiri, akavua viatu mlangoni, akamkuta mke wa mwenye duka ameketi sebuleni kwake, mikono mapajani, akinong'ona: "Dada, sindano yangu ya kupanga uzazi imefika? Mume wangu asijue." Akimaliza, anaanza upya. Mkunga aliyajua maneno hayo. Ndio ujumbe aliotumiwa asubuhi.

Akamgusa bega. Lilikuwa baridi kama ukuta wa bafu. Akampigia simu, mwanamke yule akapokea akiwa kwake, anafua.

Kwenye kochi jingine alikaa binti mwenye mimba changa, na pembeni yake dada wa mkunga, aliyeishi mji mwingine. Kila mmoja alinong'ona lake.

Mume wa mkunga, seremala, alikuwa mezani anakula.

"Kila nikisoma ujumbe, aliyeuandika anakuja," alisema akitafuna. "Hawasumbui. Hata maji hawaombi."

"Unasoma ujumbe wangu?"

"Fundi wa simu aliniwekea kitu kwenye simu yako. Mtu na mkewe hawana yako na yangu."

"Hizo si siri zangu, baba. Ni za watu."

Mumewe akamenya chungwa.

Kesho yake mkunga alikwenda polisi. Askari wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kuchungulia mawasiliano ya mtu bila ridhaa yake ni kosa," alisema. "Hata kwa mume. Sheria haiangalii kitanda." Kisha akafunika kalamu. "Simu alinunua nani?"

"Yeye."

"Basi nendeni mkayamalize nyumbani, mama. Hayo ni mambo ya ndani."

Nyuma yake, kwenye benchi, kijana mmoja aliyevaa kanzu ya hospitali alinong'ona, "Mpenzi, leo mumeo yuko zamu, njoo." Askari alimzunguka kwenda kuchukua chai.

Mkunga akawaambia kina mama wasimwandikie tena, waje wenyewe kliniki. Lakini yaliyokwisha kuandikwa yalikwisha kuandikwa, na seremala alikuwa msomaji mvumilivu. Viti vikajaa. Ikabidi atengeneze benchi.

Jumamosi mwenye duka alikuja kuazima msumeno. Alisimama katikati ya sebule, akamsikiliza mkewe mpaka mwisho, kisha akamsikiliza tena. Akamshukuru seremala, akaondoka bila msumeno.

Tangu hapo mke wa mwenye duka hakuonekana kliniki. Simu yake haikupatikana. Mkunga alipoulizia dukani, mwenye duka alisema amekwenda kwao kupumzika, akaendelea kupima sukari. Yule wa sebuleni bado alinong'ona, ila sauti ilikuwa imekauka, na mkunga akawa anapita mbele yake ameinamisha macho.

Jioni moja alimkuta mgeni mpya kwenye kiti karibu na dirisha. Alivaa sare ya kliniki. Alikuwa yeye mwenyewe, akinong'ona ujumbe aliomwandikia dada yake zamani kidogo: "Siku hizi namwogopa."

Seremala alikuwa amemsogelea kwa kigoda, amemshika mkono, anasikiliza kwa upole ambao mkunga hakuwa ameuona tangu mwaka wa harusi.

"Huyu angalau ananiambia," alisema bila kugeuka. "Nipakulie."

Mkunga akaenda jikoni, akapakua. Akapita na sahani katikati ya watu, taratibu, asimkanyage mtu.