Ubatizo wa Idda

Elieza aliporudi kijijini kwao Yakobi kutoka migodi ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, mama yake alimchinjia jogoo, na majirani wakaja kumpokea. Kristina alikuwa amemngoja mwanawe huyo tangu kabla ya vita. Lakini wiki haikwisha kabla baba na mwana hawajagombana, tena si kwa ajili ya shamba wala ng'ombe. Waligombana juu ya Mungu.

Enoki, mume wa Kristina, alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu aliyewafundisha katekisimu vijana wa karibu kila nyumba pale. Elieza naye alikuwa amekutana huko migodini na wasomaji wa Biblia waliomfundisha kwamba Mungu ni Baba peke yake. Kwamba Mwana aliumbwa na Baba, wa kwanza kuliko vyote, na Roho ni nguvu zake tu, kama pumzi ya mtu ilivyo ya mtu. Habari za Nafsi tatu, alisema, hazimo katika Kitabu. Walikaa jikoni karibu na moto kwa sababu ya baridi, kila mmoja na Biblia yake magotini, huku Kristina akikoroga uji na kuwasikiliza.

"Kule bustanini, Baba," Elieza aliuliza, "Yesu alipolia, alikuwa anamwomba nani?"

"Mwana alimwomba Baba."

"Basi ni wawili, na mmoja ni mkubwa."

"Ni mmoja," alisema Enoki. "Mambo haya hayapimwi kwa debe kama mahindi."

Kristina hakuwahi kusumbuka na hesabu hiyo. Alipokuwa mdogo bibi yake alimwita Mungu Nguluvi, na alipobatizwa akaambiwa kwamba Nguluvi huyo ana Mwana, na Roho wake anakaa na watu. Aliwapokea wote, kama mwali anavyoingia nyumba ya mume, akakuta watu asiowajua na wote akawaita wa kwake.

Wazee wa usharika walikutana, wakaamua kumtenga Elieza. Enoki aliinua mkono pamoja na wenzake. Siku hiyo alirudi nyumbani akala chakula chake chote, na Kristina hakumsamehe kule kula.

Elieza, aliyekuwa ameoa baada ya kurudi, alimchukua mkewe, Emilia, wakahamia Makambako, ambako alipata kazi ya useremala katika kambi ya barabara. Huko wakazaa mtoto wa kike, wakamwita Idda. Elieza alisema mtoto huyo hatabatizwa mpaka akue na kuchagua mwenyewe. Emilia, aliyelelewa katika nyumba ya Walutheri kule Kichiwa, hakumpinga, akaendelea kumnyonyesha mtoto.

Msimu wa baridi ulipofika, utingo wa lori alileta habari kwamba Idda anaumwa kifua. Kristina alifunga kanga yake akapanda lori lilelile. Enoki hakumkataza, wala hakutuma salamu.

Alimkuta mtoto akivuta pumzi kwa shida, mbavu zikiingia ndani. Elieza alikuwa amekwenda kambini kumwomba msimamizi gari la kumpeleka mtoto hospitali Njombe. Wanawake wawili wakabaki wakimpokezana mtoto, na upepo wa Makambako ukigonga mlango. Midomo ya Idda ilianza kugeuka rangi. Emilia akamtazama mama mkwe wake.

"Mama," alisema, "wewe unayajua maneno."

Kristina alielewa. Kanisani walikuwa wamefundishwa kwamba mtoto akiwa katika hatari na mchungaji yuko mbali, Mkristo yeyote aweza kumbatiza. Alimfikiria mwanawe, aliyekuwa akihangaika kambini kwa ajili ya mtoto huyuhuyu, na kwamba nyumba hii ilikuwa yake. Kisha akateka maji katika kikombe, akayamimina kichwani pa Idda mara tatu, akiyasema maneno kwa sauti ya chini. Idda alikata roho kabla gari halijafika.

Elieza aliingia, akaona kikombe, akaona nywele za mtoto zimelowa.

"Mama, umembatiza kwa jina la nani?"

"La Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

"Hao ni watatu."

"Mimi nilimwita mmoja, Elieza. Sikuwa na mwingine wa kumwita."

Emilia alisema kwamba ni yeye aliyeomba. Elieza akajibu kuwa anajua. Akaketi chini, akampakata mtoto, akalia kama alivyokuwa akilia utotoni, mdomo wazi. Kesho yake, akisaidiwa na wenzake wa imani yake, alimzika Idda, na hakumzuia mama yake kutia udongo. Alipokuwa akimsindikiza kwenye lori alimwomba kitu kimoja: jambo lile libaki kwao watatu, baba asilijue. Kristina akaahidi.

Lakini aliporudi nyumbani alimkuta Enoki hali wala halali. Siku moja alimfuma nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta, akimlilia mjukuu aliyekwenda bila ubatizo. Huruma ikamshika, akamwambia. Enoki akafuta machozi, akauliza kama alitaja majina yote, na kama maji yaligusa kichwa. Jumapili akasimama mbele ya usharika, akatangaza kwamba Utatu Mtakatifu umeingia hata katika nyumba ya wanaoukana. Watu wakaimba. Kristina, upande wa wanawake, alifunga kitabu chake cha nyimbo.

Habari zilifika Makambako kabla yake. Alipokwenda baada ya mavuno, alimkuta Elieza peke yake akipiga randa ubao. Emilia alikuwa amerudi kwao Kichiwa, wala hakusema atarudi lini. Elieza alimpa mama yake kigoda, akamsalimia kwa heshima zote.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, Mama."

"Baba yako alikuwa analia, mwanangu."

"Hata mimi nililia. Lakini sikwenda kuwaambia watu kwamba nimeshinda."

Elieza alimbebea kikapu mpaka penye lori, akamsihi dereva amweke mbele kwa sababu ya upepo, akasubiri mpaka gari likaondoka.

Kabla ya mvua alirudi Rodeshia, na wazazi wake hawakumwona tena. Kristina aliendelea kwenda kanisani, na baraka ilipotolewa aliitikia amina kwa majina yote matatu, kwa sababu aliyaamini. Ila jioni, Enoki alipofungua Biblia jikoni, yeye alijitwika mtungi akaenda kisimani, hata kama maji ya kutosha yalikuwamo nyumbani.