Basi la Kwaya ya Kibabi

Wazo la kukodi basi lilitoka kwa Valérie. Mwaka ule wa 1968 kwaya ya Kibabi ilialikwa Goma, iimbe kwenye misa kubwa ya Kristu Mfalme pamoja na kwaya nyingine za milimani. Watu walikuwa wameshaanza kusema kila mmoja atajitafutia lori la maharagwe, wakutane huko huko. Valérie, ambaye sauti yake ndiyo iliyoanzisha nyimbo zote, hakutaka kusikia.

"Wamoja watafika asubuhi, wengine jioni, na nguo zote vumbi," alimwambia mumewe. "Honoré, utafute basi. Tuingie Goma wote mara moja, kama watu wa harusi."

Honoré alikuwa seremala na kiongozi wa kwaya. Hawakujaliwa mtoto, yeye na Valérie, na kwaya ile ndiyo waliyoilea. Akateremka Goma kwa lori, akamwona Mgiriki mmoja mwenye mabasi, wakapatana. Kisha akazunguka mjini pamoja na dereva, mtu mpole aliyeitwa Sebarenzi, kutafuta mahali ambapo basi lingeweza kusimama. Haikuwa kazi rahisi. Malori yalikuwa yamebanana sokoni, baiskeli zilipita huku na huku, polisi walipiga filimbi kila kona. Mwishowe wakachagua mbele ya posta. Aliporudi Kibabi, Honoré aliwaeleza wanakwaya jambo hilo moja mpaka wakachoka kulisikia: misa ikiisha, mtu atembee anapotaka, lakini saa tisa kila mmoja awe mbele ya posta. Sababu ilikuwa mvua. Pale Sake, barabara inapoanza kupanda milima, palikuwa na mti wa kufungia njia. Waliuita bariere. Mvua ikinyesha, mlinzi aliuteremsha, na hakuna gari lililopita mpaka barabara ikauke.

Wakati huo Valérie alikuwa ameshaanza kuumwa. Miguu ilimvimba, na akipanda kilima kidogo tu pumzi ilimwishia. Muuguzi wa zahanati alimpa vidonge, akamwambia apumzike. Hakuna aliyetaja kifo. Lakini juma lile la safari hakuweza hata kutembea mpaka kanisani, na Honoré akasema basi, wao wawili hawaendi tena.

"Utawaambia nini?" Valérie alimwuliza. Alikuwa ameketi mlangoni, mgongo kwenye mto. "Mugiriki anakujua wewe. Chauffeur wa basi anakujua wewe. Ukibaki, watabaki wote. Uende, Honoré. Ukirudi utanielezea yote, moja moja. Mama iko hapa na mimi."

Mama yake, Elisabeth, aliyekuwa akimenya mihogo, alitikisa kichwa kukubali.

Alfajiri ya Jumapili basi lilipita mbele ya nyumba. Honoré alimwomba Sebarenzi asimame kidogo, na kwaya nzima ikaimba kupitia madirishani wimbo aliokuwa akiupenda. Valérie aliinua mkono. Honoré alitaka kushuka, akaona atawachelewesha, akabaki alipokuwa.

Goma waliimba vizuri. Aliyeanzisha nyimbo alikuwa Adelaïde, rafiki wa Valérie, mama wa makamo ambaye hakuwahi kuuona mji tangu azaliwe. Misa ilipoisha, watu wakatawanyika, wengine ziwani, wengine sokoni. Saa tisa walikuwa wote mbele ya posta, isipokuwa yeye.

Walingoja. Juu ya milima ya Masisi, upande wa nyumbani, mawingu yalikuwa yameshakuwa meusi.

"Papa Honoré, tuende," alisema Sebarenzi. "Mama huyu tutamuacha kwa masista. Watamulaza, kesho atapanda lori."

"Na iko wapi, tupate kumupeleka kwa masista?"

Honoré alimfikiria mke wake pale mlangoni. Halafu akamfikiria mwanamke yule peke yake katikati ya filimbi na malori, hajui hata jina la njia moja. Akawatuma wanaume wawili sokoni, naye akapita barabara ya maduka akiita jina lake.

Adelaïde alitokea matone ya kwanza ya mvua yakianguka. Alikuja mbio, ana kifurushi kwapani, kilemba kimefunguka. Alikuwa amesimama muda wote mbele ya nyumba nyingine yenye bendera, akidhani ndiyo posta.

"Mama Adelaïde! Watu wote wanakungojea wewe, sababu ya vitu vya duka?" Honoré alipaza sauti mbele ya kwaya nzima, yeye ambaye hakuwahi kumkemea hata fundi aliyemsaidia karakanani. "Huna haya?"

Adelaïde alikificha kifurushi chini ya kitenge. Akapanda, akaenda kuketi kiti cha nyuma kabisa.

Sake walikuta bariere imeshuka.

"Niko na mugonjwa nyumbani," Honoré alimsihi mlinzi.

"Kila mutu anayefika hapa iko na mugonjwa, Papa. Basi ikianguka kule juu Mushaki na watu wote hawa, mimi nitasema nini?"

Wakalala ndani ya basi. Kesho yake mti uliinuliwa jua likiwa limeshapanda, na njia ilikuwa tope tupu. Mara kwa mara wanaume walishuka kusukuma. Honoré alisukuma kuliko wote.

Walipofika Kibabi alishuka kabla basi halijasimama vizuri. Hapo ndipo aliposikia nyundo. Sauti ilitoka kwenye karakana yake. Karakana ilikuwa na ufunguo mmoja, na Valérie ndiye aliyeuweka. Siku zote aliufunga kwenye pindo la kitenge chake, hakumpa mtu mwingine. Honoré alisimama njiani. Nyuma yake watu waliokuwa wakiteremsha mizigo waliisikia pia, nao wakasimama. Hakuna aliyemsogelea.

Elisabeth alikuja kumpokea, kichwa wazi, akamshika mikono yote miwili.

"Ni jana alituacha, mwanangu. Giza ilikuwa inaingia. Ufunguo nilimupa fundi wako, atengeneze sanduku."

"Aliniita?"

"Hapana. Alikuwa anasikiliza barabara. Kila lori ikipita, anauliza: ndio wao? Namwambia bado. Alisema tumukalishe vizuri, aone basi ikifika. Mvua ilipoanza, akasema: hawatapita Sake. Hakuuliza tena."

Honoré aliketi chini pale pale kwenye majani yaliyolowa. Hakuhitaji kuambiwa kwamba kama wangeondoka saa tisa, angemkuta.

Kabla ya kufunika jeneza, Adelaïde aliingia nyumbani na kile kifurushi. Alikifungua mbele ya Honoré bila kumtazama. Vilikuwa viatu vya turubai, vyeupe, vya mwanamume.

"Alinikataza nisikuambie," alisema. "Miguu yake haikuingia tena kwenye viatu vyake. Alisema siku ya Noeli anataka kuenda misa kwa miguu yake, usimubebe. Nilizunguka maduka yote. Vya wanawake vyote vilikuwa vidogo."

Elisabeth alivipokea, akamvika binti yake. Vilimtosha.

Makaburini padri alingoja wimbo, na kwaya ilikuwa imesimama pale, lakini kila aliyejaribu kuanza alishindwa. Walimzika kimya.

Baada ya hapo Adelaïde aliacha kuja kwenye mazoezi. Honoré alimfuata shambani kwake, akamkuta anapalilia maharagwe.

"Mama Adelaïde, nilikutukana mbele ya watu. Nimekuja kuomba musamaha."

"Usiniombe musamaha." Aliegemea jembe. "Kama ningejua ile nyumba si posta, ungemukuta. Kila siku najiambia hivyo. Kwa nini hukuniacha?"

"Singeweza kukuacha. Hata leo, na kila kitu ninachojua, ningekungojea."

Alikuwa amekuja kumfariji. Lakini aliposikia maneno yale yakitoka kwa mdomo wake mwenyewe, akajua ni ya kweli, na kwamba hata kama siku ile ingerudishwa, Valérie angekufa akisikiliza barabara. Akageuka upande ili Adelaïde asimwone uso. Naye akaacha jembe, akaja kusimama karibu yake, wakalia pamoja.

Adelaïde alirudi kwenye kwaya kabla ya Noeli, na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Honoré hakuiongoza tena. Misa alihudhuria kila Jumapili, akiketi nyuma karibu na mlango, na kwaya ilipoanza kuimba alitoka taratibu, akasimama nje mpaka wimbo ukaisha, ndipo akarudi ndani.